Ulimwengu Uliobishiwa Hodi

Nimeuona ulimwengu ukizaliwa mara elfu tisa mia nne na kumi na mbili, na mara zote hizo nilikuwa nimesimama kando ya mashine ya kupoza maji, mdomoni nina karanga. Usinitazame hivyo. Hesabu hiyo si ya kubuni. Za kubuni nitakuambia zikifika. Ulimwengu, kama unataka kujua, si kitu kikubwa. Ni pete. Pete nyembamba ya chembe za sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, ndogo kuliko vumbi linaloweza kukaa kwenye kope ya sisimizi, imening'inizwa katikati ya chungu cha chuma kisicho na hewa, imeshikwa na mwanga peke yake, haina kamba, haina kigingi. Imepozwa mpaka baridi yenyewe imeona haya. Kisha Daktari Hafswa anabonyeza kitufe, pete inatanuka ghafla, inatanuka kama ulimwengu huu wetu ulivyotanuka ulipokuwa mchanga, na kabla hujamaliza kupepesa jicho kamera inalia cha! na ulimwengu umekufa. Picha ndiyo inayouua. Ukitaka kujua umefika wapi lazima uumulike, na ukiumulika umekwisha. Inabaki picha na joto kidogo.

Nusu dakika baadaye, mwingine.

Mimi ni Mbaruku, fundi mafriji mstaafu wa mji usio na jina. Jina ulikuwa nalo, tena refu, lakini mji ulipoanza kutanuka herufi zake ziliachana: moja ilibaki sokoni, nyingine kituo cha polisi, nyingine inasemekana imeonekana machimboni, na sasa hakuna mtu awezaye kulisoma lote kwa siku moja. Elimu yangu ya fizikia niliipata katika kitabu nilichokiokota nyuma ya friji la mwalimu aliyehama. Kurasa arobaini za mwanzo zilikuwa zimeliwa na panya. Ndiyo maana najua mengi kuhusu nyota na sijui lolote kuhusu zilikoanzia. Wengi wako hivyo hivyo, ila wao hawana panya wa kumsingizia.

Mji ulianza kutanuka siku ya kufua. Nakumbuka kwa sababu kamba ya kuanikia, iliyofungwa kutoka msumari wangu mpaka dirisha la jirani yangu Bi Nargisi, ilikaza, ikalia kama uzi wa zeze, ikakatika, na khanga yake mbichi ikaangukia tope.

"Mbaruku!" alipiga kelele. "Umevuta kamba!"

"Nimelala!"

"Umevuta ukiwa umelala!"

Sikuvuta. Kesho yake, kati ya ukuta wangu na ukuta wake, ambao kwa miaka ishirini na miwili ulikuwa ukuta mmoja, palikuwa na uchochoro. Baada ya wiki, barabara. Baada ya mwezi, uwanja wenye majani ambayo hakuna aliyeyapanda. Nyumba zenyewe hazikukua hata shibiri. Kilichokua ni kile kilichokuwa baina yake. Watu wawili wakikutana njiani walianza kwa kunong'ona na wakamaliza kwa kupiga kelele, na hakuna aliyepiga hatua. Saa ziliharibika pia, maana adhana ilitoka asubuhi ikafika watu wameshakula mchana, na mimi mwenyewe kuna juma zima nililoliishi Alhamisi kabla ya Jumatano. Nilipokea salamu za kunipongeza kwa kustaafu, nikastaajabu, nikaenda kazini, nikakuta kweli nimestaafu.

Na sauti, bwana. Sabalkheri ya Bi Nargisi ilitoka kwake nyembamba, yenye ukali kidogo wa ndimu kama alivyo mwenyewe. Ilinifikia imevutika njiani, nzito, nene, utasema bawabu wa gereza ananiamkia. Niliijua tu kwa sababu hakuna bawabu anayeweza kusema "sabalkheri" ukahisi umekosea jambo.

Sasa lazima nikuambie nilichokuwa nimekosea. Wiki mbili kabla kamba haijakatika, Bi Nargisi alikuwa akichambua mchicha juu ya ukuta wetu. Hakutabasamu. Alisema, "Mbaruku, mimi mjane, wewe mgane. Mimi nakupikia, wewe unanitengenezea friji ambalo wala halijaharibika. Tunangoja nini?"

Nikamjibu kwa hadithi ya friji la kadhi mmoja, friji lililopoza sana hata talaka zilizoandikwa karibu nalo hazikukauka wino, na wanawake kumi na wanne wakarudi kwa waume zao na kalamu mkononi. Alicheka. Kisha akakusanya vijiti vya mchicha kimoja kimoja.

"Nimeuliza mara moja," alisema. "Sirudii."

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo hata kabla hajauliza. Ila jibu ni kitu kidogo chenye makali, na mimi maisha yangu yote nimezoea vitu vyenye kifuniko.

Baraza la Mji lilipoona watu wameanza kubeba vitanda na kukimbilia kwa jamaa zao, lilitoa Agizo la Vizingiti: kila mtu akae penye kizingiti chake mpaka wataalamu waseme kama kutanuka kutasimama au hakutasimama. Kukisimama, hakuna haja ya kuhamahama. Kusiposimama, barabara zitafunguliwa siku moja, kila mtu achague nyumba atakayopotelea ndani yake. Walinzi wakapangwa hatua tano tano. Na wataalamu ndio Daktari Hafswa, mwanamke mwembamba aliyekaa kilimani miaka saba akijenga mashine ya kutengeneza mianzo. Mianzo, ndiyo. Huwezi kuurudisha ulimwengu ulipoanzia ukauuliza, alinieleza, lakini unaweza kutafuta kitu kidogo kinachofuata sheria zile zile, ukakipoza mpaka kitulie, ukakitanua, ukatazama mawimbi yake yanavyovutika.

Mashine yake ilikuwa na kasoro moja. Leza, zile taa za kuishika pete, zilipata joto, pete ikayeyuka kabla haijawa pete. Miaka saba, hakuna hata ulimwengu mmoja uliokamilika. Ndipo akasikia kuna mzee mjini anayeweza kuipoza hata hasira ya mke mwenza. Wakanipa kibali cha kuvuka njia moja tu, kwangu mpaka kilimani. Kwa Bi Nargisi ni upande wa pili.

"Shikamoo, Mzee Mbaruku."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Nilibadilisha raba mbili za kuzuia maji yasivuje, nikasafisha mabomba, nikaondoa mjusi aliyekufa kwenye feni, na siku ile ile pete ikashika. Daktari Hafswa alikaa chini sakafuni. Hakulia, alikaa tu, miguu ameinyoosha kama mtoto aliyeshiba. Tangu hapo nikapewa kazi ya kudumu: kabla ya kila ulimwengu, nifungue koki ya maji iliyoko ubavuni mwa chungu. Yeye anakaa chumba cha pili, nyuma ya kioo na pampu zinazonguruma, akitazama skrini.

Nilimwuliza kuhusu umbali. Sikumtaja mtu. Nilisema tu, "Kwa mfano, jirani."

"Kuna mpaka, Mzee," alisema. "Leo ukipiga kelele, jirani atakusikia kesho. Kesho, labda keshokutwa. Lakini upo umbali ambao ukishavukwa, kelele yako itamkimbiza milele na haitamfikia, kwa sababu ardhi iliyo mbele yake inaongezeka kuliko inavyokimbia."

"Na huo umbali, kwa mfano jirani wa kiwanja cha pili, kiwanja cha tatu..."

"Siku hamsini. Pengine arobaini. Ndiyo maana nataka kujua kama kutasimama."

Mimi nilitaka kusikia kwamba kutasimama. Nilitaka sana. Mji ukisimama wenyewe, jibu langu linaweza kungoja kwenye kifuniko chake.

Na kweli, picha ya kwanza ilipotoka, juu ya pete palikuwa na mawimbi matatu. Ya pili, matatu. Ya mia, matatu. Mawimbi hayo yalivutika pete ilipotanuka, yakawa mapana na mazito kama sauti niijuayo, kisha yakagongana, yakajisokota, yakala nguvu ya kutanuka mpaka pete ikapungua mwendo, ikasimama. Daktari Hafswa alitoka nyuma ya kioo akanishika mabega.

"Hakuna aliyeyaweka, Mzee! Nimetuliza kila kitu. Meza inaelea juu ya hewa. Lori likipita nje, chungu hakijui. Mawimbi yanatoka kwenye mwanzo wenyewe. Unaelewa? Kila ulimwengu unazaliwa na breki yake!"

Nilielewa. Nikaenda nyumbani nikalala saa saba mfululizo, mchana kweupe.

Nivumilie hapa, kwa sababu hapa sibuni, na nisipobuni ulimi wangu unakwaruza. Fundi mafriji anaingia jikoni kwa watu. Jikoni kwa watu ni ndani kuliko chumbani. Chumbani mtu anaficha mwili, jikoni anaficha anachokula na asichokula. Kwa hiyo sisi, mafundi wa mji wetu, tuna desturi yetu. Ukishapiga hodi mlangoni ukakaribishwa, ukifika kwenye friji unapiga hodi tena, kwa vifundo vya vidole, ubavuni, mara tatu, kisha unangoja kidogo. Ko, ko, ko. Ni kumpa mwenye nyumba nafasi ya kusema "ngoja kwanza" akaondoa alichokiweka humo. Asiyebisha hakuajiriwa mara ya pili. Mimi nilibisha miaka arobaini. Mkono wangu una adabu kuliko mimi mwenyewe. Hufanya bila kuniuliza.

Siku ya arobaini na moja kilimani nilikuja na kidole cha kati kimefungwa bandeji. Nilikuwa nimejikata na bati. Nikafika kwenye koki. Ko, ko, ya tatu iliniuma, nikaiacha. Nikafungua maji.

"Mbili!" Daktari Hafswa alipiga ukelele nyuma ya kioo. "Mzee, leo ni mbili!"

Nikatema karanga.

Ungefanya nini wewe? Mtu mwema angekwenda moja kwa moja kwenye kioo akasema. Mimi nilirudi kwenye chungu nikabisha mara tano. Mawimbi matano. Nikabisha saba. Saba. Nikavua bandeji. Nikapiga, Mungu anisamehe, mdundo mzima wa kumtoa bi harusi ndani, ule ambao wanawake huupiga kwa sahani na vijiko, ko-koko-ko, ko-koko-ko, na kwenye skrini ulimwengu mchanga ulizaliwa ukitikisika mabega. Nyuma ya kioo Daktari Hafswa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alasiri nzima nilikuwa mwenye kuamrisha. Niliamua ulimwengu huu uwe na breki na ule usiwe nayo. Niliupa mmoja wimbi moja tu, la upweke, nikauonea huruma, na kabla huruma haijafika kidoleni kamera ikalia cha!

Kisha nikaogopa.

Nikaogopa hivi. Kama mimi, mzee mwenye makoti mawili, kwa adabu tu, bila kukusudia, nimeacha alama juu ya mianzo yote ile. Na kama huko ndani, kwenye pete, pangekuwa na viumbe wadogo wenye Daktari Hafswa wao, wangeyatazama mawimbi matatu wakasema: hii ndiyo sheria. Wangeyaandika vitabuni. Panya wangeyala. Wangejenga mabaraza juu yake. Na asiwepo hata mmoja wa kuwaambia kwamba haikuwa sheria; alikuwa mtu mlangoni.

Basi na sisi je? Nani alibisha?

Alibisha mara ngapi?

Alikaribishwa? Maana hodi ikikaa hewani bila kuitikiwa, inakwenda wapi? Labda ndiyo hii. Labda huku kutanuka kote ni mtu aliyebisha kwa adabu, akangoja, hakusikia kitu, na sasa anarudi nyuma hatua moja moja, anaondoka, na sisi tumo katika nafasi inayozidi baina yake na mlango.

Au labda bado amesimama. Anatafuna kitu.

Na kamera? Nilianza kuishika shingo yangu kila nilipoisikia. Nilitembea ukumbini kutoka ukuta mpaka ukuta, na kuta zilikuwa zimeachana tena. Hatua kumi na nne za jana zilikuwa kumi na saba. Nilikaa, nikasimama. Nilikwenda dirishani. Kutoka kilimani nyumba yangu ilikuwa kidonge, na ng'ambo ya uwanja usio na mwisho, ya Bi Nargisi ilikuwa chembe. Sikuweza kusema kwa hakika kama mimi ndiye niliyekuwa nje ya chungu. Kuna nyakati nilihisi mwanga umenishika kila upande, hauna kamba, hauna kigingi, na mahali fulani kidole cha mwanamke mwembamba kiko juu ya kitufe.

Siku tatu nilinyamaza. Nilirudi kubisha mara tatu, sawasawa, na Daktari Hafswa akatulia, akaandika kwamba ile alasiri ya mkorogo ilikuwa hitilafu ya umeme. Kila jioni nilijiambia kesho. Kila asubuhi sabalkheri ya Bi Nargisi ilichelewa zaidi, na siku ya tatu haikuwa tena neno. Ulikuwa mtetemo tu chini ya nyayo, kama kompresa ya friji la jirani inapowaka. Nikasimama kizingitini mpaka ukaisha. Kisha nikapanda kilima nikikimbia, na mimi mara ya mwisho kukimbia nilikuwa na meno yote.

Ukumbini nilimkuta Mjumbe Tindwa wa Baraza, mtu mnene mwenye suti ya kijivu, ameshika karatasi. Daktari Hafswa alikuwa amevaa viatu vizuri.

"Karibu, Mzee," alisema Hafswa. "Leo tunatangaza. Kutasimama."

"Hakusimami," nikasema.

Tindwa alinitazama kuanzia miguuni. "Huyu ni nani?"

"Fundi wetu wa baridi," Hafswa alisema. "Mzee, umekimbia? Kaa kwanza."

"Sikai. Mwanangu, ile breki ni mimi."

Alicheka. Ndiyo malipo yangu hayo. Miaka sabini na moja nimewalisha watu uongo, na siku niliyoleta ukweli wakaupokea kwa kicheko. Akamgeukia Tindwa. "Mzee wetu ana hadithi. Juzi alinieleza friji lililogandisha kivuli cha nyama."

"Hilo lilikuwa la uongo," nikasema. "Kivuli hakikuganda, kilipungua tu. Lakini hili, tafadhali, nenda nyuma ya kioo. Anzisha ulimwengu. Useme wewe mwenyewe idadi unayoitaka."

Hakutaka kwenda. Niliona amekwisha kuelewa kabla hajaelewa; uso wake ulifanya kama mtu aliyesikia maji yanavuja chumba cha pili. Akaenda. Akanionyesha vidole vinne kupitia kioo. Nikabisha nne. Akaonyesha kimoja. Moja. Akaonyesha tisa. Nikabisha tisa, taratibu, nisimkosee. Kisha hakuonyesha kitu. Akatoka.

"Kwa nini?" aliniuliza. Sauti ndogo.

"Ni hodi, mwanangu. Sisi mafundi hatufungui kitu cha watu bila kubisha."

"Hodi." Akakaa pale pale sakafuni, na viatu vyake vizuri. "Mianzo elfu tisa. Umebisha hodi mianzo elfu tisa."

"Na mia nne. Kasoro mitatu ambayo nilikuwa chooni."

"Na hiyo mitatu?"

"Uliandika kwamba kamera ilikosea."

Alifunika uso. Nilitaka kumwambia kitu cha kumfariji na kila nilichokuwa nacho mdomoni kilikuwa na friji ndani yake. Akainuka mwenyewe, akafuta sketi. "Toka nje ya mlango," alisema. "Mikono makwapani. Usiguse hata ukuta."

Nikatoka. Nikasimama na mikono makwapani kama kuku aliyenyeshewa. Ndani alianzisha ulimwengu mmoja, kisha mwingine, kumi, ishirini, koki akiifungua mwenyewe. Niliposikia kimya nikachungulia. Picha zote zilikuwa sawa. Pete laini, haina hata kunyanzi moja, inatanuka, inatanuka, inatanuka mpaka mwanga unashindwa kuishika.

"Haina breki," alisema.

Mjumbe Tindwa alikohoa. "Daktari, karatasi hii imekwisha pigwa muhuri. Imeandikwa 'kutasimama.'"

"Andika nyingine."

"Muhuri haurudi nyuma. Na watu wametulia. Ukiwaambia hivi watajaa barabarani."

"Ndiyo. Wajae."

"Mbona hamnielewi? Mimi sisemi kwamba ni kweli. Nasema imepigwa muhuri."

Hafswa akaichukua ile karatasi mkononi mwake, bila kupokonya, kwa upole kabisa, akaigeuza, akaandika nyuma yake maneno mawili kwa kalamu ya wino mwekundu: *HAKUTASIMAMA. TOKENI.* "Nusu yako ina muhuri, nusu yangu ina ukweli," alimwambia. "Twende barazani tukawasomee zote mbili, wachague." Kisha akanigeukia, na nilidhani sasa natukanwa, nikainamisha kichwa.

"Mzee. Yule jirani wa mfano."

"Naam."

"Bado unasikia sauti yake?"

"Leo nimeisikia kwa miguu."

"Basi wewe bado uko hapa unafanya nini?"

Sikungoja Baraza. Walinzi walikuwepo, nakuapia, wamesimama imara kila mmoja mahali alipopangwa. Ila hatua zile tano tano nazo zilikuwa zimetanuka, na baina ya mlinzi mmoja na mwenzake ungepita msafara wa harusi pamoja na ngoma zake. Mmoja alinipungia mkono. Alionekana mpweke.

Nilipita nyumbani kwangu bila kuingia. Nikaingia kwenye uwanja. Kutembea katika ardhi inayoongezeka ni kazi ya kipuuzi: unapiga hatua mia, unageuka, ulikotoka kumekuwa mbali sana, unafurahi, unatazama mbele, unakokwenda nako kumekuwa mbali. Jua lilikwenda, likasimama, likarudi kidogo, likakumbuka njia. Nilijisemea jibu langu lisije likaniponyoka. Nilijaribu kulipamba. Nililiwekea kadhi, nikalitoa kadhi. Nililiwekea ngamia. Kila nikilipamba magoti yanakuwa mazito, nikalivua tena, mpaka likabaki kama lilivyokuwa siku ya mchicha, na hapo ndipo nilipohisi mtetemo chini ya nyayo.

Haukuwa sabalkheri. Ulikuwa mrefu zaidi. Nilisimama nikausikiliza. Nikaenda mbele, ukapanda mpaka magotini, ukawa mngurumo. Nikaenda, ukawa bawabu. Nikakaza mwendo, na bawabu akaanza kukonda sauti, ikapanda, ikanyooka, ikapata ukali, ikapata ndimu, na katika majani yale yasiyopandwa na mtu nikaona godoro linakuja, na chini ya godoro miguu miwili niijuayo.

"...na kama umekufa utaniambia mwenyewe, mwanamme mpuuzi wewe, kila siku namwamkia mtu hata haitikii, mimi si kichaa wa kuamkia uwanja!"

"Bi Nargisi."

Godoro lilisimama. Likainuliwa ukingo. Jasho lilikuwa likimtiririka, na sufuria imefungwa kiunoni kwa kamba.

"Wamesema kutasimama?" aliuliza.

"Hapana. Hakusimami."

"Sikungoja waseme." Alinitazama. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kilimani, nilikuwa naumba... Kuna pete moja hivi, ya chumvi, sasa nikabisha..."

"Mbaruku."

Majani yalikuwa yakiongezeka baina yetu. Niliyaona: yalichipuka kimya kimya, mstari baada ya mstari, na ilibidi nipaze sauti.

"Ndiyo!" nikasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo ulichouliza! Kwenye mchicha!"

Alilitua godoro chini, akalivuta likalala kati yake na mimi, akainama akashika pembe mbili za upande wake. "Shika huko," alisema. "Linanivunja shingo tangu jana."

Nikashika. Tukanyanyua. Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma, bila kuulizana tunakwenda kwa nani, maana nyumba zote mbili zilikuwa zimeshapotea, moja kila upande. Alipotaka kupumua tukatua, na mimi, mkono mmoja bado umeshika godoro, kwa mkono wa pili nikapima kutoka kidole changu mpaka kidole chake. Shibiri nane. Pembeni yetu majani yalichipuka, vichuguu viwili vilivyokuwa vimekaribiana viliagana, uwanja ulijivuta pande zote kama paka aliyeamka. Tukanyanyua, tukaenda mwendo mrefu, tukatua. Nikapima. Nane.

"Unafanya nini huko nyuma?"

"Nahesabu."

"Hesabu ukitembea. Na nyanyua, upande wako unaburuza."